Ukurasa Mmoja Kabla ya Chai

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama katika duka la vifaa vya ujenzi, barabara ya kuelekea Raskazone, nikimsubiri fundi wangu achague misumari. Muuzaji akauchana mfuko wa saruji ampimie mteja mwingine, na harufu ikanijia ghafla: karatasi nzito ya kaki, vumbi kavu linalowasha pua, na unyevu kidogo wa ghalani. Nikaishika meza ya duka. Fundi akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nilivyofundishwa kuandika. Alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo atalipwa na mwenye akili timamu, na sikumlaumu. Nani hukumbuka kuandika kwa harufu ya saruji?

Ngoja niwaeleze.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoletwa Chumbageni kukaa na Shangazi Edina, dada mkubwa wa baba yangu. Baba aliendesha trekta katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na shule ya kule ilikuwa mbali mno kwa miguu yangu. Shangazi alikuwa mkunga. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kumzaa, ingawa nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake kwanza kabla ya kufika kwa mama zao. Alikuwa mrefu, hasemi sana, na mikono yake ilinuka dawa ya hospitali hata siku za Jumapili. Sisi tulipanga vyumba viwili vya upande wa kushoto. Vile vya upande wa kulia alikaa Bi Zuhura, mwanamke wa Kipemba, na mumewe aliyefanya kazi bandarini. Ukumbi ulikuwa mmoja, ua mmoja, bomba moja, na ukweli ni kwamba hata chumvi ilikuwa moja.

Ile ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa hakipo. Ukiuliza sabuni, hakuna. Sukari, hakuna. Unga ukija ulikuwa ule wa yanga, wa manjano, na tuliupangia foleni tangu jua halijachomoza. Madaftari ya shule yaligawanywa moja kwa watoto wawili, likakatwa katikati kwa kisu, na mimi nilipata nusu ya nyuma, yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada. Kwa hiyo Shangazi aliponiambia wiki ya kwanza, "Hapa kwangu, Hilda, tunaandika ukurasa mmoja kila siku kabla ya chai," nilifurahi moyoni. Nilijua karatasi hakuna.

Karatasi ilikuwapo. Mafundi waliokuwa wakijenga ukuta karibu na hospitali walimpa mifuko mitupu ya saruji. Mfuko ule una matabaka kadhaa ya karatasi, na ya katikati ni safi. Shangazi aliyafungua taratibu kama anayemfungua mtoto nepi, akayapangusa kwa kitambaa chenye maji, akayapiga pasi ya mkaa, akayakata sawasawa, kisha akayashona mgongoni kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani. Daftari langu la kwanza lilikuwa zito kama ubao na lilinipa chafya kila nilipolifungua. Penseli aliikata vipande viwili, akanipa kile chenye ncha nzuri zaidi.

Kila alfajiri mambo yalienda hivi. Bi Zuhura alitoka uani kutawadha, na wakati huohuo Shangazi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chetu. Mimi nililala nikisikia maji upande mmoja na mnong'ono upande mwingine, na nilipokuwa sijaamka sawasawa niliona kama sauti hizo mbili zinajibizana. Kisha mkono mkubwa ulinigusa bega. Tulikaa mezani, koroboi katikati yetu, naye akauliza swali lake lilelile.

"Jana ulimwona Mungu wapi?"

Siku ya kwanza nilijibu kwa uaminifu kabisa kwamba sikumwona. Nilichokiona jana ni foleni.

"Basi andika foleni," akasema, akainama juu ya karatasi yake.

Alikuwa na sheria chache. Ukurasa usipungue. Usiandike ulichotakiwa kukiona, andika ulichokiona. Na hakuna kusomana: changu hukisomi, chako sikisomi. Nilipolalamika kwamba kila siku ni nyingi, bora tuandike mara moja kwa juma, yote kwa pamoja, alinisimulia habari za mana ya jangwani. Watu wale waliambiwa waokote ya siku moja tu, na waliojaribu kujiwekea ya kesho waliikuta imeingia funza. "Ya leo ni leo," akasema. Siku ya sita peke yake ndiyo waliyookota ya siku mbili, ili siku inayofuata wapumzike. Basi na sisi Jumamosi tuliandika kurasa mbili, na Jumapili kalamu zililala. Sijawahi kuichukia hadithi ya Biblia kama nilivyoichukia ile, hasa Jumamosi.

Mtoto ni mtoto. Baada ya majuma matatu nikagundua mwanya katika ile sheria ya kutosomana. Kama hakuna asomaye, nani atajua? Nikaandika ukurasa mmoja mzuri: "Jana niliamka, nikanawa uso, nikaenda shule, nikarudi, nikala, nikalala. Asante Mungu." Nikaukuza mwandiko mpaka ukajaza karatasi. Kesho yake nikaugeuza ukurasa, nikauandika vilevile. Na kesho yake. Nilifika mahali naweza kuuandika macho yakiwa yamefumba, na nakiri kwamba nyakati nyingine niliuandika hivyohivyo. Shangazi alikuwa upande wa pili wa koroboi, uso wake umetulia kama wa mtu anayemsikiliza mwingine. Hata alipotoka zamu ya usiku, macho mekundu, miguu imevimba, alinawa mikono, akakaa, akaandika, ndipo akalala. Nilimwona wa ajabu. Nilijiuliza ni jambo gani lililopo katika maisha yetu yale la kuandikwa namna ile.

Ndipo mama yake Bi Zuhura alipovuka kutoka Pemba kuja kumtazama mwanawe.

Aliitwa Bibi Mize. Alikuwa mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, na kwenye ncha ya kanga yake alifunga karafuu chache alizotafuna kwa ajili ya jino. Alikaa siku tisa. Katika siku hizo mimi nikapatwa na matumbwitumbwi, mashavu yakavimba, nikazuiwa kwenda shule. Jumanne ile watu wazima wote walikuwa na shughuli zao, Bi Zuhura yuko foleni ya unga, na mimi na Bibi Mize tukabaki barazani tangu asubuhi hadi alasiri.

"Shikamoo Bibi," nilimwamkia kwa taabu, mdomo haufunguki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lo! Uso huo au papai?"

Akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa kanga. Kisha akaingia jikoni, akarudi na masizi ya chungu, akanipaka mashavu yote mawili, akaniambia nisiyaoshe hadi kesho. Na kutwa nzima alizungumza. Alizungumza nami kama na mtu mzima mwenziwe, juu ya mambo ya kwao, ya Zuhura alipokuwa mdogo, ya marehemu mumewe. Mimi nilikuwa nahisabu mbuzi wanaopita.

Asubuhi ya Jumatano, mbele ya koroboi, niliandika: "Jana niliamka, nikanawa uso, nikaenda shule." Masizi yalikuwa bado yako mashavuni mwangu.

Bibi Mize alirudi kwao Ijumaa baada ya sala. Haukupita muda, simu ya maandishi ikaja bandarini kwa mume wa Bi Zuhura. Bibi Mize alikuwa amefariki, na kwa desturi yao alikuwa amekwisha kuzikwa siku ileile. Simu ilichelewa siku tatu njiani. Hata angepata chombo saa ile, Bi Zuhura angeukuta udongo tu.

Sikuwahi kumwona mtu mzima amenyamaza vile. Wanawake walijaa ukumbini na visomo vikasomwa. Shangazi aliteka maji, akapasua kuni, akapika sufuria la uji na kuliweka mlangoni. Bi Zuhura alikaa juu ya mkeka akitazama ukuta. Watu walipotawanyika, alfajiri moja tukiwa mezani na madaftari yetu, mlango wetu uligongwa. Alikuwa yeye, amejitanda kanga, maji ya udhu bado yanamdondoka mikononi.

"Edina, samahani nimekukatizeni," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe huandika kila siku. Mie nakuoneni kila nikenda bombani. Siku ile nilipokwenda foleni, ulikaa na mama kutwa. Nisomee. Alisema nini?"

Bi Zuhura alikuwa akisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi zetu hizi hakuzijua. Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta, akaweka mikono mapajani kama mtoto wa chuo cha Kurani anayengoja mwalimu aanze.

Nililifungua daftari. Niliamka, nikanawa uso. Nikageuza. Niliamka, nikanawa uso. Kurasa zote zilinitazama kwa uso mmoja. Nikafanya lile ambalo mwoga hufanya. Nikajifanya nasoma.

"Jana... nilikaa na Bibi Mize," nikasema, jicho likiwa juu ya neno "shule". "Bibi Mize alisema anampenda sana mwanawe Zuhura. Alisema yeye ni mtoto mzuri."

Bi Zuhura hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mama hasemi maneno hayo. Tangu nizaliwe hajayasema."

Nikalia. Nililia kwa kelele, nikasema yote: kwamba sikuandika, kwamba nimeandika uongo uleule kila siku, kwamba siku ile hata uso sikunawa. Nilingoja kofi la Shangazi, na naapa ningelipokea kwa shukrani. Halikuja. Shangazi aliinuka, akaliinua godoro upande wa miguuni ambako madaftari yake yalipangwa, akavuta moja, akaja nalo karibu na taa. Alitafuta kwa kidole. Kisha, yeye ambaye sheria yake ilikuwa hakuna kusomana, akasoma kwa sauti ileile aliyoitumia kuita majina ya wazazi wodini.

"Jumanne. Nimerudi kutoka kazini, miguu inauma. Foleni ya unga imefika hadi msikitini. Nimepita barazani, Hilda yupo na mama yake Zuhura, amepakwa masizi kama sufuria, maskini. Sikusimama, nilichoka. Nikiwa dirishani nafungua viatu nimemwona mama yake Zuhura ameichukua ile kanga ambayo Zuhura aliivua na kuiacha kitini. Aliinusa. Akaikunja, akairudisha kitini, kisha akaichukua tena akainusa. Hakujua kuwa naona. Nimekaa na kiatu mkononi. Asante, Bwana, kwa kunionyesha."

Aliishia hapo. Nje jogoo wa mtu aliwika. Bi Zuhura alikuwa ameinua uso.

"Aliinusa?"

"Aliinusa."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, Zuhura."

"Soma tena."

Shangazi akasoma tena. Akasoma na mara ya tatu, neno kwa neno, bila kuongeza lolote. Na mimi, ndugu zangu, niliona kwa macho yangu jambo ambalo tangu siku ile sijalipatia maelezo ya kutosha. Mama aliyekuwa chini ya udongo, ng'ambo ya bahari, alikuwa chumbani mwetu. Alikuwa amekaa na kanga mikononi. Alikuwa ameletwa na alama za penseli juu ya karatasi ya saruji, zilizoandikwa na mwanamke mchovu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuziandika isipokuwa kwamba ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimesikia kanisani kwamba neno lina uzima, nikalijibu "Amina" pamoja na wengine. Asubuhi ile niliogopa kuigusa penseli yangu.

Bi Zuhura akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ifike. Shangazi alikaa sakafuni karibu naye, wakaegemeana mabega, na chai siku hiyo haikupikwa kabisa.

Kesho yake niliamka kabla ya kuguswa. Nilikaa mbele ya karatasi nikijaribu kuirudisha Jumanne. Nilikuwa na kutwa nzima ya maneno ya Bibi Mize, nami nilikuwa nimeyaacha yapite pamoja na mbuzi. Nilifinya macho. Yakaja mambo mawili tu. Nilimtazama Shangazi.

"Mengine nimesahau," nikanong'ona.

"Andika kwamba umesahau," alisema bila kuinua kichwa. "Hilo nalo ni kweli."

Nikaandika. Jua lilipochomoza nilikwenda upande wa kulia wa ukumbi, nikabisha hodi, nikasoma nikiwa nimesimama: "Bibi Mize aliniambia Zuhura alipokuwa mdogo aliogopa kuku. Siku moja jogoo alimfukuza akapanda juu ya kinu, akakaa huko mpaka baba yake aliporudi shamba. Bibi Mize alicheka akafunika mdomo kwa kanga. Tena alisema marehemu mumewe alipiga chafya kila akila embe. Mengine alisema mengi lakini mimi sikusikiliza. Naomba radhi."

Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho. Kisha kitu kikamtoka kifuani, nikadhani analia tena, kumbe ni kicheko. "Jogoo yule!" alisema. "Wallahi alikuwa jini yule! Nilikuwa nimesahau kabisa." Akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu mpaka daftari likakunjika kati yetu. Toka siku hiyo alinunua habari zangu kwa maandazi: kila Ijumaa alitaka nimsomee nilichoandika juu ya siku zilizopita, na kwa ruhusa ya Shangazi nilimsomea. Hakuwa msikilizaji mwepesi. Nikitia chumvi, alinyanyua kidole.

Sitaki mdhani kwamba niligeuka malaika. Nililala nikapitiliza, nikaugua, nikasahau. Mara ya kwanza niliporuka siku tatu nilitaka kuziandika zote kwa mkupuo ili niwe sawa. Shangazi alinizuia. "Zile zimepita, mwachie Mungu. Kaa hapa, andika ya leo." Hakuniuliza kwa nini nimeruka. Alivuta kiti tu. Nadhani bila kiti kile kuvutwa, nisingerudi.

Miaka ikageuka. Maduka yakafunguliwa, mitumba ikajaa, sabuni za rangi zikaning'inia milangoni, na madaftari ya majalada yanayong'aa yakauzwa kwa dazeni. Nilimnunulia Shangazi sita kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Alishukuru sana, akayatia chini ya godoro, akamaliza kwanza karatasi zake za saruji. Siku hizo nilikuwa nimeanza kujiona mwandishi, na nilikuja kwake na maswali ya kitaalamu. Nilimuuliza alijuaje kwamba Jumanne ile ilikuwa na jambo la maana. Alitumia jicho gani? Alichagua vipi?

Alinitazama kama anayetafuta mahali swali langu lilipoanzia.

"Sikuchagua," alisema. "Ningejuaje itakayoulizwa ni Jumanne?"

Nilicheka, nikadhani ni mzaha wa kizee. Leo nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule. Nimezika wazazi, nimezika na yeye mwenyewe, na watu wameshaanza kuja kwangu kuniuliza, kwa sauti ileile ya Bi Zuhura, mtu fulani alikuwaje siku ya mwisho niliyokaa naye. Ndipo nilipoelewa. Utotoni nilidhani tunamwandikia Mungu ili asitusahau. Mungu hasahau, hakuhitaji penseli zetu. Shangazi alikuwa akijizoeza, asubuhi hadi asubuhi, akiwa amechoka na akiwa hana la kusema, kumtazama jirani yake walau nusu ya anavyotazamwa na Mungu. Wale ambao mama zao hawakusema kamwe kwamba wanawapenda, wapo wengi sana. Na kila siku, mahali fulani, mama mmoja anainusa kanga akidhani haonwi.

Nami huamka, nikapiga magoti, nikakaa, nikaandika, bila kujua ni siku ya nani itakayoulizwa.